Okidi Chotara: Si GMO, Wala Mbegu Zake Haziuzwi kwa Pakiti

Swali ambalo mpenzi yeyote wa maua hukutana nalo siku hizi ni hili: je, okidi hizi zenye rangi na madoa ya ajabu zinazouzwa madukani ni GMO, yaani mimea iliyobadilishwa vinasaba? Swali lina sababu zake. Tangu Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa, Oktoba 2022, marufuku ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba iliyowekwa mwaka 2012, maneno "chotara", "GMO" na "mbegu za maabara" yamekuwa yakitajwa kwa pamoja, redioni na vijiweni, kana kwamba yote ni kitu kimoja. Okidi imeingia katika mkanganyiko huo kwa sababu kweli hupitia maabara, kweli ni chotara, na kweli huonekana kama ua ambalo Mungu hakuliotesha porini. Hata hivyo, karibu okidi zote zinazouzwa si GMO, na kazi kubwa ya kuzizalisha hufanywa kwa kijiti.

Mimi mwenyewe nililipia ujinga wangu. Nilipoanza kuzipenda okidi niliagiza kwa mtandao pakiti iliyoandikwa "mbegu za okidi ya bluu". Zilinifikia mbegu nyeusi, ngumu, za ukubwa wa ulezi. Nilizipanda, nikazimwagilia kwa wiki sita, zikatoa jani pana lenye vinyweleo ambalo halikuwa na undugu wowote na okidi. Kama ningejua jinsi mbegu ya okidi inavyoonekana, ningejua kuwa ninadanganywa kabla hata ya kuipanda.

Tuanze na majina. Okidi si ua moja bali ni familia nzima ya mimea, kama tunavyosema "jamii ya kunde" tukiwa na maana ya maharage, choroko, karanga na hata mkwaju. Familia ya okidi ina spishi zipatazo 28,000, na spishi ni kundi la mimea iliyo ya aina moja kwa asili, ambayo huzaana yenyewe kwa yenyewe na kutoa watoto wanaofanana nayo. Chotara ni mtoto wa wazazi wa spishi mbili tofauti, au wa wazazi ambao wao wenyewe tayari ni chotara. Mmea wa GMO ni kitu kingine kabisa: ni mmea ambao mtaalamu ameingiza au kubadilisha ndani yake jeni (kinasaba) moja au chache kwa mbinu za maabara, na jeni hiyo inaweza kutoka kwa kiumbe ambacho mmea huo usingeweza kamwe kuzaana nacho. Chotara ni kama ndoa ya koo mbili, ambapo mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama, mazuri na mabaya, bila mtu kuchagua kipi kipite. GMO ni kama kukata ukurasa mmoja wa kitabu na kuushonea katika kitabu kingine. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu ukurasa ulioshonwa, lakini asimlaumu kwa hilo mtoto wa ndoa.

Njia rahisi ya kuelewa jinsi chotara inavyofanywa ni kwenda kwenye shamba la vanila. Wakulima wengi wa Kagera na wa Uganda hushika okidi kila asubuhi katika msimu wa maua bila kuiita hivyo, kwa maana vanila ni okidi. Asili yake ni Mexico na nchi za jirani, na ilipoletwa huku haikuletwa pamoja na nyuki wanaolichavusha ua lake kwao. Ua hufunguka asubuhi na mapema na kunyauka alasiri ya siku ile ile, kwa hiyo mkulima asipowahi, hakuna tunda. Hulishika ua kwa mkono mmoja, hupasua mdomo wake kwa kijiti chembamba, hunyanyua kiwambo kidogo kinachotenganisha sehemu ya kiume na ya kike, kisha hubonyeza kwa kidole gumba ili chavua iguse mahali panaponata. Huo ndio uchavushaji wote, na mtu aliyezoea huumaliza kwa sekunde chache. Mbinu hiyo ya haraka iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mvulana mtumwa wa miaka 12, na hadi leo vanila ya Madagaska, ya Uganda na ya Bukoba huchavushwa kwa njia yake. Albius alipata uhuru mwaka 1848, lakini alikufa maskini mwaka 1880, na sidhani kama kuna kijiti kingine kilichofanya kazi kubwa kama kile alichokiokota mtoto yule.

Mkulima wa vanila huchavusha ua kwa chavua yake lenyewe, kwa sababu anataka tunda tu. Anayetaka chotara hufanya kazi ile ile, ila hubeba chavua kutoka ua moja hadi jingine.

Angalia ua la okidi kwa karibu, hata lile la kwenye chungu cha dukani. Katika maua mengi tunayoyajua, kama la mwembe au la mhindi, chavua ni unga unaopeperuka. Okidi haimwagi unga. Katikati ya ua kuna nguzo fupi, ambayo ndani yake sehemu za kiume na za kike zimeungana kuwa kitu kimoja. Kwenye ncha ya nguzo kuna kofia ndogo nyeupe, na ukiigusa kwa kijiti cha kuchokolea meno, kofia inaanguka na kijiti kinatoka na vidonge viwili vya manjano, vigumu kama nta, vimeng'ang'ania kwa gundi yao wenyewe. Vidonge hivyo viwili ndivyo chavua yote ya ua lile. Upande wa chini wa nguzo kuna kishimo kinachong'aa kwa utomvu. Peleka vidonge vya ua la kwanza kwenye kishimo cha ua la pili, uvibandike humo, na umekwisha kufunga ndoa. Baada ya siku chache petali hulegea na kunyauka, na ikiwa mbegu zimetunga, sehemu iliyo nyuma ya ua, ambayo wengi huidhania ni kikonyo tu, huanza kunenepa na kuwa tunda la kijani lenye mifuo. Hakuna sindano wala darubini iliyotumika.

Ndoa ya kwanza ya namna hii kutoa maua ilifanywa Exeter, Uingereza, katika vitalu vya familia ya Veitch. Mtunza bustani John Dominy alielekezwa maumbile ya ua la okidi na daktari wa upasuaji wa mji ule, John Harris, naye akachanganya spishi mbili za Calanthe, na mwaka 1856 mtoto wao akachanua. Mmoja wa wazazi hao, aliyejulikana wakati ule kama Calanthe masuca, wataalamu wengi wamekuja kumweka pamoja na Calanthe sylvatica, okidi ya zambarau inayoota kwenye kivuli cha misitu ya milima yetu ya Afrika Mashariki.

Kwa nini spishi mbili zilizokaa mbalimbali kwa karne na karne zikubali kuzaana mara tu zinapoguswa na kijiti? Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kwa wanyama wengi kinachozuia spishi mbili kuzaana ni damu yenyewe, ndiyo maana nyumbu, mtoto wa punda na farasi, kwa kawaida ni tasa. Kwa okidi kizuizi mara nyingi kiko nje, yaani ni mgeni anayebeba chavua. Okidi moja huitegemea aina moja ya nyuki, nyingine nondo fulani, na kwa kuwa wageni hawa hawaingii nyumba moja, chavua hazikutani. Mfano mashuhuri ni Angraecum sesquipedale ya Madagaska, ua jeupe lenye mrija wa nekta wa urefu wa karibu sentimita 30. Mwaka 1862 Charles Darwin aliandika kwamba lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa kufikia chini ya mrija huo. Nondo huyo alikuja kupewa jina kitaalamu mwaka 1903, na jamaa yake wa bara, Xanthopan morganii, huruka usiku katika nchi zetu. Mkono wa binadamu unaruka ukuta huo kwa urahisi, kwa sababu hauhitaji ulimi mrefu.

Mwaka 1899 kampuni ya Veitch ilisajili mtoto wa ua hilo na Angraecum eburneum, okidi nyingine kubwa nyeupe. Jamaa ya eburneum tunayo pwani, kuanzia Kenya hadi Tanzania, na wataalamu waliipa jina la giryamae kwa heshima ya nchi ya Wagiriama. Ua la eburneum huwa limegeuka, mdomo wake mweupe mpana ukiwa juu kama kofia badala ya kuwa chini kama kwa okidi nyingi. Mtoto wao, aitwaye Angraecum Veitchii, alirithi msuguano huo: kwenye shina lake maua hayakubaliani upande wa kuelekea, mengine yakitazama juu, mengine yakilala ubavu. Binafsi sijaona mfano ulio wazi zaidi wa kuonyesha kwamba chotara si kitu kilichobuniwa. Angekuwa amebuniwa, mbunifu angelirekebisha hilo.

Sasa tufike kwenye mbegu, mahali ambapo matapeli wanapata riziki. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, na katika spishi nyingine zinafika milioni na zaidi. Ukilipasua juu ya karatasi utaona vumbi la rangi ya krimu, na ukipumua tu linaondoka. Mbegu ya haragwe hubeba masurufu ya safari: zile pande mbili nene tunazokula ndizo chakula cha mche hadi utoe majani. Mbegu ya okidi huondoka nyumbani mikono mitupu, haina akiba ya maana ya kumlisha mtoto. Porini humsubiri kuvu wa aina maalumu amwingie na kumlisha, jambo lililogunduliwa na Mfaransa Noël Bernard mwaka 1899, na mbegu isiyokutana na kuvu wake hufa. Ndiyo sababu mmea hutoa mbegu nyingi kiasi hicho, na ndiyo sababu ukizimwaga kwenye chungu cha udongo hakuna kitakachoota. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: mbegu yoyote unayoweza kuishika kwa vidole viwili na kuihesabu, moja, mbili, tatu, si ya okidi.

Maabara huingia hapa, na kazi yake ni ya ulezi tu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba mbegu za okidi zinaweza kuota bila kuvu zikipewa sukari na madini juu ya agari, ile jeli itokanayo na mwani, ndani ya chupa iliyotakaswa. Chupa hiyo hufanya kazi ya chupa ya maziwa kwa mtoto aliyefiwa na mama. Kinachosumbua ni usafi: sukari hiyo hiyo inayomlisha mche inalisha pia ukungu, na kijidudu kimoja kilichoingia kwa pumzi kinaweza kujaza chupa nzima kabla mbegu hazijabadilika rangi. Mambo yakienda vizuri, mbegu hugeuka vidoti vya kijani, vidoti hutoa majani na mizizi, miche huhamishiwa kwenye chupa nyingine yenye nafasi, na hatimaye kwenye vyungu. Kutoka kijiti hadi ua la kwanza ni miaka 3 kwa aina za haraka kama Phalaenopsis ya madukani, na hufika miaka 7 au zaidi kwa nyingine. Hakuna jeni iliyoguswa muda wote huo.

Mkulima wa mahindi chotara, tuseme H614 ya Kitale, anajua kwamba akizirudia mbegu za shambani mwake mwaka unaofuata hatapata zao lile lile, bali mchanganyiko wa marefu na mafupi. Kwa okidi mchanganyiko huo huonekana mapema zaidi, hasa wazazi wanapokuwa chotara wenyewe: miche mia iliyotoka tunda moja ni kama ndugu mia wa tumbo moja, kila mmoja na sura yake. Mzalishaji huisubiri miche yote ichanue, huchagua labda mmoja au miwili, na iliyobaki huiuza kwa bei ya chini au huitupa. Yule aliyechaguliwa ndiye anayezidishwa kwa vipande vya tishu, kwa mbinu ile ile iliyoleta migomba ya tishu Kagera na Kilimanjaro. Ukiona Phalaenopsis ishirini zinazofanana kabisa katika duka moja, unatazama mmea mmoja uliogawanywa mara ishirini, na hapo pia hakuna GMO.

Majina hufuata utaratibu wake. Tangu mwaka 1961 daftari la kimataifa la okidi chotara linatunzwa na Royal Horticultural Society ya London, na lina ndoa zaidi ya 100,000. Watoto wote wa wazazi wale wale hupata jina moja, hata kama mmoja alizaliwa Nairobi mwaka huu na mwingine Singapore miaka hamsini iliyopita. Singapore naitaja kwa makusudi, maana ua la taifa lake, lililochaguliwa mwaka 1981, ni chotara iliyotangazwa mwaka 1893 kutoka bustani ya Agnes Joaquim, mwanamke wa jamii ya Waarmenia aliyependa bustani.

Je, okidi ya bluu? Phalaenopsis za bluu iliyokolea unazoziona zikiuzwa kwa bei ya juu ni nyeupe zilizotiwa rangi kupitia kwenye bua, na muuzaji mwaminifu atakwambia hivyo. Maua hayo yakianguka, yatakayofuata yatakuwa meupe. Japani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba walifanikiwa kupata Phalaenopsis ya bluu kwa kuipa jeni kutoka kwa jamaa wa yale magugu yenye maua ya bluu yanayotambaa mashambani kwetu, na hiyo kweli ni GMO. Hiyo si ile iliyo mbele yako dukani.

Dai jingine husema kwamba okidi ni kimelea kinachonyonya mti, na kwa hiyo kuing'oa ni kuusaidia mwembe. Spishi nyingi za nchi zetu zenye joto kweli hukaa juu ya miti, lakini ni wapangaji wasiokula chakula cha mwenye nyumba. Itazame Ansellia africana, okidi ya manjano yenye madoa ya kahawia kama ya chui, inayokaa kwenye miti mikubwa ya nyanda za chini. Mizizi yake mingi haijazama popote: imesimama wima kuzunguka shina kama sindano nyeupe, ikidaka majani makavu yanayoanguka, na mmea hula mboji ya majani hayo pamoja na maji ya mvua. Mti haupungukiwi na chochote. Anayeing'oa kwa kisu ili aiuze barabarani humkata mizizi mmea uliochukua miaka mingi kukua, na mara nyingi mnunuzi hununua maiti yenye majani ya kijani.

Hili la kuchukua porini ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu hulihalalisha kwa kusema kwamba okidi huzalishwa kwa wingi siku hizi, basi za porini zina kazi gani. Nenda Kitulo, kwenye uwanda wa juu kati ya Mbeya na Njombe, unaoitwa na wenyeji Bustani ya Mungu na uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Spishi 45 za okidi za ardhini huota pale, nyingi zikiwa na viazi vidogo chini ya udongo. Kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa katika nyanda za juu kusini na kuvushwa hadi Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na unga wa karanga kuwa chikanda. Kuchimba kiazi ni kuua mmea, na kiazi hicho hakirudishwi kwa kupandwa bustanini, kwani kuvu aliyekilea hakuhama nacho. Kimataifa biashara ya okidi zote husimamiwa na CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, na kuvusha mpaka mmea wa porini bila kibali ni kosa hata kama umeupata kwa mkono wako mwenyewe.

Mfano wa kile kinachoweza kupotea tunao Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, aliokota kwenye vivuli vya Usambara mmea mdogo wa maua ya zambarau, ingawa si okidi, na mbegu zake zikapelekwa kwao. Kutokana na mimea michache ya namna hiyo zimezalishwa chotara na aina kwa maelfu, na leo ua la Usambara linakaa madirishani Ulaya na Marekani. Jamaa zake wa porini hawaoti kokote duniani ila Tanzania na Kenya, baadhi yao kwenye miamba michache tu ya msitu mmoja, na msitu ukikatwa, hakuna duka litakalowarudisha, kwa sababu chotara wa dirishani hazai tena babu yake.

Anayetaka kujaribu mwenyewe asianze na mbegu wala na panga la msituni. Anunue mimea miwili iliyokulia kitaluni na inayochanua kwa wakati mmoja, au mche ulio ndani ya chupa kutoka kwa mzalishaji anayeweza kuwataja wazazi wake. Achague kuwa mama mmea wenye afya na nguvu zaidi, maana ndio utakaobeba tunda kwa miezi mingi, na asiutwishe zaidi ya tunda moja kwa mara ya kwanza. Siku ile ile anapobandika chavua, afunge kwenye kikonyo uzi wenye kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino hufutwa na maji: jina la mama, alama ya kuzidisha, jina la baba, na tarehe. Jina la mama hutangulia.